Kitindamlo cha chokoleti hakihitaji sukari nyingi kiasi hicho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini linaloingia majumbani mwetu kila mara kupitia kurasa za mapishi. Jambo lenyewe ni kiasi cha sukari kinachoagizwa katika kitindamlo cha chokoleti, kile kinacholiwa cha baridi kutoka kwenye friji, pamoja na namna kiasi hicho kinavyoandikwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, makazi yangu ni Mikindani mkoani Mtwara, na kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi pudini hii kwa namna ileile inayochapishwa hadi leo: kopo moja la maziwa matamu mazito, kakao, unga wa kugandisha, kisha maneno yale mawili yanayonikera kuliko yote, "sukari kiasi".

Kiasi cha nani? Katika nyumba yangu, kiasi cha mume wangu si kiasi changu, na kiasi cha wajukuu hakina mpaka. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliyaandika maneno hayo ubaoni mara nyingi, wala sikuwahi kuulizwa. Mume wangu aliporudi kutoka kliniki na karatasi inayoonyesha kwamba sukari yake imepanda, nilitoa mizani ndogo ya jikoni, nikaamua kulipima pishi langu kwanza kabla ya kumsema kwa chai yake.

Hesabu ilikuwa hivi. Kopo la maziwa matamu la gramu 397, kwa mujibu wa utengenezaji wa kawaida wa maziwa hayo, hutiwa sukari inayokaribia gramu 45 katika kila gramu 100, kwa hiyo ndani yake mna takribani gramu 178 za sukari iliyoongezwa, mbali na sukari ya asili ya maziwa yenyewe. Juu ya hapo nilikuwa natia vijiko vinne vikubwa vya sukari, na nilipovipima vilifika gramu 50. Pudini hiyo tulikuwa tukila watu sita. Ukigawanya, kila bakuli lilikuwa na gramu 38 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye chakula pamoja na ile iliyomo katika asali, sharubati na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia hizo ni gramu 50 na gramu 25. Bakuli langu moja, lililoliwa baada ya pilau na kabla ya chai, lilikuwa limeshavuka kiwango cha pili bila mtu kuhesabu chai wala kaimati.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza sukari yote ile inafanya kazi gani mle ndani. Katika keki, sukari ina kazi nyingi: inalainisha, inashika unyevu, inasaidia keki kuumuka na kupata rangi, na ndiyo maana ukiipunguza sana keki inakataa. Katika pudini ya baridi kinachogandisha ni wanga wa unga, na kinacholainisha ni mafuta ya maziwa au ya nazi. Utamu ndio kazi kubwa ya sukari humo, na utamu ni kitu cha kujadiliana. Hata sukari ya kwenye kopo haikuwekwa kwa ajili ya mpishi wa pudini. Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya kupunguza maji ya maziwa mwaka 1856, wakati ambapo majumbani hapakuwa na friji, na sukari nyingi ndiyo iliyoyawezesha maziwa ya makopo kukaa miezi bila kuharibika, kwa kuwa vijidudu havistawi pale ambapo maji yote yameshikwa na sukari. Leo mtu anafungua kopo hilo akiwa amesimama mbele ya friji inayowaka, anatumia dawa ya kuhifadhia maziwa kupikia kitu kitakacholiwa jioni ileile.

Basi niliacha kopo, nikarudi kwenye maziwa ya ng'ombe ya kawaida. Jaribio la kwanza liliharibika, na nataka kulieleza kwa sababu nina hakika wengi waliojaribu kupunguza sukari wamekutana na jambo hilo wakakata tamaa. Nilipunguza sukari kwa zaidi ya nusu, lakini unga wa kugandisha nikaacha vilevile, gramu 45 kwa nusu lita ya maziwa. Uji ulishika mapema kuliko nilivyozoea, mwiko ukaanza kuwa mzito, na asubuhi yake nilipogeuza bakuli juu ya sahani kitindamlo kilitoka kizima, kimesimama, na alama ya nyufa za bakuli ubavuni. Mjukuu wangu alikibonyeza kwa kidole akasema, "Bibi, huu si ugali wa chokoleti?" Alikuwa na haki. Sukari nyingi hushindana na wanga katika kunywa maji. Huchelewesha chembe za wanga kuvimba, na pale inapozidi hudhoofisha mgando. Ukiitoa, wanga unabaki peke yake na maji yote, nao unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo anayepunguza sukari sharti apunguze na unga. Sentensi hiyo moja sijapata kuiona katika pishi lolote la "sukari kidogo" nililosoma.

Baada ya majaribio ya miezi kadhaa, kipimo ninachotumia sasa kwa watu sita ni maziwa nusu lita, unga wa kakao gramu 30, konflawa (ndiyo ule unga wa kugandisha) gramu 25, sukari gramu 30, chembe za chumvi za kubana kwa vidole viwili, na iliki punje tatu zilizotwangwa. Kwa asiye na mizani, kijiko kikubwa kilichosawazishwa kwa kisu hubeba takribani gramu 12 za sukari, hivyo gramu 30 ni vijiko viwili na nusu. Kila mlaji anapata gramu 5 za sukari iliyoongezwa badala ya 38. Nakiri pia kwamba bakuli la zamani lilikuwa kubwa zaidi. Siku hizi ninagawa katika vikombe vidogo vya chai, na hakuna aliyelalamika kuhusu kikombe.

Kakao iwe kakao tupu. Madukani mwetu makopo mawili hukaa rafu moja yakifanana rangi: moja ni unga wa kakao, jingine ni chokoleti ya kunywa. Viambato huorodheshwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi, na katika chokoleti nyingi za kunywa neno la kwanza ni sukari. Anayepika kwa unga huo akidhani amepunguza sukari anajidanganya, na kibaya zaidi ladha ya chokoleti inakuwa hafifu, naye anaongeza sukari ili kuifidia. Kakao tupu ni chungu, lakini ndiyo yenye harufu. Tena nchi yetu inailima, hasa Kyela kule Mbeya, ingawa sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa mbegu zilizokaushwa na kuturudia ikiwa ndani ya makopo.

Katika kupika, mabonge ndiyo adui. Sukari inapokuwa nyingi na ikichanganywa kavu na unga, huzitenganisha chembe za unga zisigandane. Sukari ikipungua, msaada huo nao umepungua. Kwa hiyo kakao na konflawa nazitenga. Kakao naimiminia maziwa ya moto kidogo, vijiko vitatu au vinne, naisugua kwa mgongo wa kijiko ndani ya bakuli mpaka iwe kama lami laini inayong'aa. Maziwa ya moto huitoa harufu yake, na ukinusa utajua tofauti. Konflawa naikoroga pembeni na maziwa ya baridi, kamwe si ya moto, kwa kuwa maziwa ya moto huipika kwa nje ikabaki kavu ndani. Maziwa yaliyobaki nayatia sufuriani pamoja na sukari, chumvi na iliki, na yanapoanza kutoa moshi natia lami ya kakao, kisha konflawa kwa mchirizi mwembamba huku mkono wa kulia haukomi kukoroga hadi kwenye kona za sufuria. Moto uwe mdogo. Wanaotumia mkaa waupunguze mapema, maana mkaa hausikii amri. Uji ukishashika na kuanza kutoa mapovu mazito, yale yanayopasuka kwa sauti, uendelee kuchemka dakika moja kamili. Ukiutoa kabla, ladha ya unga mbichi itabaki ulimini, na watu watadai ni upungufu wa sukari.

Kuonja nako kuna hila yake. Ulimi husikia utamu kwa nguvu zaidi kitu kikiwa na joto kuliko kikiwa baridi. Uji uliokutosha sufuriani utaonekana umepwaya kesho yake kutoka kwenye friji, na hapo ndipo wapishi wengi, kwa kuogopa aibu ya wageni, huongeza sukari kupita kiasi tangu awali. Mimi naweka nusu kijiko cha uji juu ya kisahani, nakiingiza kwenye sehemu ya barafu kwa dakika tano, halafu naonja kikiwa baridi, na uamuzi wangu unatokana na kisahani hicho. Wakati wa kula navitoa vikombe kwenye friji dakika kumi na tano kabla ya kuandaa. Dakika hizo ni sawa na kijiko kizima cha sukari ambacho sikukitia. Chumvi ile kidogo nayo hupunguza uchungu wa kakao, na iliki, kwa kuwa pua zetu tangu utotoni zimeizoea ndani ya vitu vitamu, huufanya ulimi udhani utamu ni mwingi kuliko ulivyo. Vanila hufanya vivyo hivyo, lakini sioni sababu ya kununua kichupa wakati iliki ninayo kabatini.

Onyo moja kwa wanaopenda kuweka kila kitu kwenye sehemu ya barafu: kitindamlo hiki ni cha ubaridi, si cha kugandishwa. Sukari huyazuia maji yasigande upesi, na ndiyo siri ya aiskrimu kuwa laini. Pudini yenye sukari kidogo ikigandishwa inakuwa jiwe, na ikiyeyuka inatoa maji. Saa nne katika sehemu ya kawaida ya friji zinatosha, kikombe kikiwa kimefunikwa ili uso usifanye utando.

Sisi wa Kusini tuna bahati ambayo kurasa za mapishi haziitaji. Tui zito la nazi likichukua nafasi ya mililita 100 za yale maziwa, pudini inapata unono ambao hapo awali tulikuwa tunautafuta kwenye kopo, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na friji iko chini sana ya hapo. Nasema mililita 100 na si nazi nzima, kwa kuwa mafuta hayo ni mazito kwa moyo, na hakuna faida ya kuitoa sukari mlangoni na kukaribisha jambo jingine dirishani. Na kwa wale ambao maziwa ya ng'ombe yanawavuruga tumbo, kuna korosho. Naloweka gramu 150 za korosho zilizobanguliwa kwa saa nne, vile vipande vilivyovunjika ambavyo sokoni huuzwa kwa bei ya chini, kisha nazisaga kwenye blenda pamoja na mililita 450 za maji safi mpaka zisisikike kidoleni. Sichuji. Korosho ina wanga wake wenyewe, hivyo konflawa naipunguza kwa theluthi moja, na moto unaushikisha uji mara moja; aliyesimama mlangoni akipiga soga ataukuta umeshika chini ya sufuria. Rangi yake ni hafifu kidogo, lakini ulaini wake sijaupata kwa maziwa ya ng'ombe. Huku Mtwara tunaishi katikati ya mikorosho, na bado pishi letu la sherehe linaanza kwa kufungua kopo lililosafiri baharini.

Suala la jelatini nalitaja kwa ufupi. Baadhi ya mapishi huiagiza, lakini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwemo, na pakiti haisemi kila mara ni mnyama gani. Katika nyumba nyingi za pwani hiyo inatosha kuiacha. Kinachochekesha ni kwamba mwani unaolimwa katika pwani ya Lindi na Mtwara, ule akina mama wanaoufunga kwenye kamba maji yakikupwa, ndio unaotolewa karajinani, kitu kinachogandisha pudini nyingi za maziwa zinazouzwa madukani huko ughaibuni.

Kuhusu vibadala vya sukari, naomba tusidanganyane. Asali ni sukari, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu hivyo. Sukari guru ni sukari yenye rangi. Tende ni tunda jema lenye nyuzinyuzi, lakini zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, kwa hiyo kuzisaga tende kumi na tano ndani ya sufuria na kuandika "bila sukari" juu ya pishi si uungwana. Vile vidonge na unga wa kutia utamu visivyo na sukari nilivijaribu mara mbili, vikaacha ladha ya chuma nyuma ya ulimi, na mwaka 2023 shirika hilohilo lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mwenye kisukari akumbuke pia kwamba konflawa ni wanga, na wanga huishia kuwa sukari mwilini. Kikombe kidogo kinaweza kuwa na nafasi yake katika mlo, lakini nafasi hiyo waipange yeye na daktari wake, si mimi.

Sikuwapeleka watu wangu kwenye gramu 30 kwa siku moja. Nilianza na gramu 120, nikashuka hadi 90, kisha 60, kisha 45, kila mara nikikaa hapo wiki tatu au nne bila kutangaza. Aliyegundua ni mume wangu peke yake, tena nilipofika gramu 60, na alichosema ni kwamba kakao ya siku ile ilikuwa nzuri. Idd iliyopita jirani alituletea pudini ya kopo. Wajukuu waliila, lakini mmoja aliomba maji katikati ya bakuli, jambo ambalo zamani halikuwahi kutokea.

Joto la kwetu linadai tahadhari moja zaidi. Pudini ya maziwa, iwe ya sukari nyingi au kidogo, isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na katika miezi ya joto kali mimi naishia saa moja. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi. Baada ya hapo nawapa watu wale au namwaga, simwekei mtu akiba ya kesho. Ikitunzwa vizuri naimaliza ndani ya siku mbili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo, nalo halimgharimu mwandishi wa mapishi zaidi ya mizani ya jikoni. Sukari iandikwe kwa gramu. Iandikwe pishi linatosha watu wangapi, ili msomaji agawanye mwenyewe. Kijiko kikitajwa, isemwe kama ni cha chai au kikubwa, na kama kimesawazishwa au kimefura, kwa maana kijiko kilichofura hubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa. Na kopo la maziwa matamu likitumika, sukari iliyomo ndani yake ihesabiwe pamoja na ile ya kwenye bakuli, badala ya kuliandika kama vile ni maziwa matupu. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia kurasa hizo husomwa kuliko habari za mpira, angalau katika nyumba yangu, na ningependa mapishi ya mwaka huu yachapishwe na tarakimu hizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Mikindani, Mtwara.